Donati Alizonunua Orville Hruska

Orville Hruska alikuwa na mgongo uliokwisha kutumika. Miaka thelathini na minne aliinua vyuma katika kiwanda cha Kettle Bend, kule Wisconsin, vyuma vile vipana vinavyofungwa mbele ya malori kusukuma theluji barabarani. Kiwanda kilipomaliza kuutumia mgongo huo, kilimhamishia kwenye mashine ya kutoboa matundu, mahali pa kukaa, kikamwambia ashukuru. Akashukuru. Watu wa kule hushukuru upesi, hata kabla hawajatazama walichopewa.

Lakini kila Jumapili, kabla ya kanisa, mgongo uleule ulidaiwa kazi nyingine. Mkewe, Nadine, alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia wa mwili ulilala usiamke, na maneno yakamtoka, yakabaki matatu au manne ambayo aliyatumia kwa kila jambo. Jumapili Orville alimwinua kitini, akamvusha ukingo wa hodhi la kuogea, lile la chuma la kizamani lenye kina kama hori la ng'ombe, akamshusha majini. Kumshusha si kazi. Kazi ni kumtoa. Mara mbili waliteleza, na mara ya pili walikaa sakafuni nusu saa nzima, wote wawili wamelowa chepe, wakitazamana kama vifaranga walionyeshewa na mvua, mpaka Orville alipopata nguvu ya kusimama.

Fundi bomba alikuja, akapima, akakuna kidevu. Hodhi litolewe, iwekwe shawa isiyo na kizingiti, mtu aingizwe na kiti chake cha magurudumu akae hapohapo amwagiwe maji. Dola elfu tatu na mia nane. Orville hakuwa nazo. Alikuwa na nyumba iliyolipiwa, gari lenye kutu, na mshahara uliokuwa ukiisha siku ileile unapofika.

Ni hapo ndipo alipoletewa donati.

Kila Novemba kampuni ilikusanya wafanyakazi katika ukumbi wa kulia chakula ili wachague mafao ya mwaka ujao. Aliyewakusanya ni Brent Tolliver, afisa utumishi, mtu wa meno mengi, aliyependa kusema "sisi ni familia" na kuwasahau majina wanafamilia. Alipanga maboksi ya donati mezani, kwa sababu alijua watu wakitafuna hawaulizi.

"Jamani, mwaka huu tuna mifuko miwili," alisema Brent. "Mfuko wa tiba, na mfuko wa ulezi. Unakatwa kidogo kidogo kila wiki kabla kodi haijaugusa mshahara wako. Halafu ukigharamia matibabu, au ukimlipa mtu akutunzie mtoto au mgonjwa ili wewe uje kazini, unatuma risiti, unarudishiwa hela yako. Serikali hapo hailambi hata tone."

Lyle Vandersloot, aliyefanya kazi mashine ya jirani na Orville na ambaye hakuwahi kunyamaza tangu abatizwe, aliinua mkono wenye sukari.

"Na nisipoitumia?"

"Mwaka ukiisha hujaitumia, inapotea."

"Inapotea inakwenda wapi?"

"Inapotea tu, Lyle."

"Pesa haipotei, bwana. Pesa huhama nyumba."

Watu wakacheka, Brent akacheka pia, akasogeza boksi jingine.

Orville hakucheka, alikuwa akipiga hesabu. Mtu wa kumlipa alikuwa naye tayari. Dola mia na hamsini kila wiki zilimtoka kwa ajili ya kumwangalia Nadine. Akiweka sabini na tano kila wiki katika mfuko ule wa ulezi, mwaka utazaa elfu tatu na mia tisa. Atatuma risiti, atarudishiwa, fundi bomba atakuja, na zitabaki mia moja za kwenda kula samaki wa kukaanga siku ya Ijumaa, wawili, kama zamani. Akatia saini. Brent akampa mkono na kumwita Orwell.

Haya, tumweke pembeni Orville kidogo, tumtazame huyo aliyelipwa.

Twila Sobczak alikuwa mjane, miaka sitini na minane, mfupi, mwenye viatu vizito na maoni mazito zaidi. Aliwahi kuwa mpishi wa shule ya msingi, na mpaka leo aliongea na watu wazima kama wanafunzi wanaorukia foleni. Alifika kwa Hruska saa kumi na mbili na nusu asubuhi, theluji ije isije, akakaa na Nadine mpaka Orville anaporudi. Alimlisha, alimsuka, alimgombeza, na zaidi ya yote alicheza naye karata. Nadine alishika karata kwa mkono wa kushoto. Twila aliiba waziwazi, Nadine alimwona, akapiga meza kijiko, akacheka. Tangu kiharusi kile hakuna aliyemfanya acheke ila Twila kwa kuiba karata. Madaktari walikuwa wamejaribu kwa mipira ya kufinya.

Na malipo? Malipo hayakutajwa. Kila Ijumaa Orville aliweka bahasha chini ya kopo la sukari, Twila akainua kopo kuweka sukari kwenye kahawa yake, bahasha ikaingia mfukoni mwa koti. Yeye akatazama dirishani, naye Orville akatazama saa. Ndivyo watu wa mji ule wanavyolipana wakiheshimiana: pesa hupita kama jamaa aliyelewa, kila mtu anamwona na hakuna anayemsalimia. Wangeweza kukaa hivyo mpaka kaburini bila kuitaja hata senti.

Aprili Orville akajaza fomu ya kwanza. Fundi alikuwa ametaka malipo ya awali ili amwandike kwenye orodha yake ya kiangazi, na katika mfuko wa ulezi zilikuwa zimeshalala dola elfu moja na kitu. Akaandika risiti kwa mkono wake mwenyewe, mwandiko wa kiwandani, herufi kubwa: nimemlipa Twila Sobczak kumwangalia mke wangu. Baada ya wiki tatu ikaja barua. Haikukataa. Barua za watu hawa hazikatai kamwe, husikitika. Ilisikitika kwamba madai hayajakamilika. Inahitajika namba ya mlezi, ile ya tarakimu tisa ambayo serikali humpa kila mtu na kumfuata nayo hadi mwisho wa kodi zake.

Orville aliiweka barua ile mfukoni siku nne. Siku ya tano, Twila akiwa anavaa koti, akasema akitazama kopo la sukari.

"Twila, kuna namba wanaitaka."

"Namba gani?"

"Yako. Ile ya serikali. Ni kwa ajili ya mfuko wa kazini."

Twila akaacha kufunga kifungo.

"Orville Hruska. Miaka thelathini nakujua. Nimekula harusi yako. Leo unaniomba namba kama askari wa barabarani?"

"Si mimi, ni wao."

"Wao hawakai jikoni hapa. Anayekaa hapa ni wewe."

"Ni ya shawa tu, Twila. Ya Nadine."

"Sikiliza, jirani, na usinikatize. Mimi nakaa nyumba za wazee pale mtaa wa kinu. Kodi ya chumba wanaipima kwa kipato. Kila dola tatu nikizitangaza, moja wanaila wao. Halafu kodi ya serikali nayo ina mdomo. Halafu wataniuliza: na mwaka jana? Na mwaka juzi? Ukimaliza wewe kuoga kwenye shawa yako, mimi nimeshatolewa nje na kitanda changu. Umenielewa au nichore?"

"Nimekuelewa."

"Hujanielewa. Ungenielewa usingeuliza."

Akaondoka. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Orville alikosa kazi siku mbili, akatiwa alama mbili nyekundu kwenye kitabu cha mahudhurio, na Nadine akafunga mdomo, akakataa uji, akakataa hata jibini. Aliweka karata mezani akaitazama nafasi iliyokuwa tupu. Alikuwa na neno moja kati ya yale manne lililotaka kufanana na "wapi", akalisema kutwa.

Jioni ya pili Orville akagonga mlango mtaa wa kinu.

"Nadine hali," akasema. "Sitaitaja tena namba ile."

Twila alimtazama toka kofia hadi viatu.

"Umepiga magoti?"

"Mgongo hauruhusu."

"Basi nenda. Kesho nitakuja. Na uji wako ule hata mimi ningeukataa."

Ikawa hivyo. Bahasha ikarudi chini ya kopo, wao wakarudi kutazama dirisha na saa. Lakini kila wiki ile sabini na tano iliendelea kukatwa. Orville akapanda ghorofani kwa Brent Tolliver, akiwa ameshika kofia, akaomba ukatwaji ukome.

Brent akamwonyesha kiti na meno.

"Nakuelewa, Orwell, nakuelewa kabisa. Ila mpango haubadilishwi katikati ya mwaka. Lazima kwanza kutokee tukio la kimaisha."

"Tukio gani?"

"Ndoa, talaka, kuzaliwa mtoto, au kifo."

Orville akafikiri.

"Sasa nifanye lipi?"

"Ha ha. Wewe una mzaha."

"Na kule kwenye mfuko mwingine, wa tiba, siwezi kuzihamishia? Ni pesa yangu ileile."

"Hapana, hiyo sheria haikubali. Ni mifuko miwili tofauti." Brent akainama mbele kwa huruma iliyofundishwa semina. "Lakini hongera kwa kujali mustakabali wako."

Aliposhuka, Lyle alikuwa anamsubiri kwenye mashine.

"Amesemaje?"

"Nioe, niache, nizae au nife."

"Zaa, mzee. Ndiyo rahisi," akasema Lyle. "Kufa kuna fomu nyingi."

Basi tazama akili za watu wakubwa. Mtu amefanya kazi, mshahara ni wake, mke ni wake, mlezi analipwa kweli kila Ijumaa na mgonjwa anacheka kweli kila siku. Lakini ukweli huo wote haukutosha kwa sababu haukuwa na tarakimu tisa. Angekuwa tapeli mwenye risiti ya mashine, wangemlipa kesho yake na kumtakia siku njema. Wamejenga mfuko wenye mlango mpana wa kuingizia na tundu la sindano la kutolea, wakauita msaada.

Novemba ikaja tena, donati zikaja tena, na Orville akaandika sifuri kwenye fomu, sifuri kubwa kama gurudumu. Brent akaipitisha bila kuisoma.

Desemba ile Orville alishuhudia kioja kingine cha nchi yake. Wenzake waliokuwa na akiba katika mfuko wa tiba walikumbuka kwamba mwaka unakwisha. Duka la dawa la Kettle Bend likajaa kama siku ya mnada. Nje baridi ya kupasua mawe, ndani watu wazima wenye ndevu wamebeba vikapu vya mafuta ya kujikinga na jua, kwa kuwa mafuta ya jua yanaruhusiwa. Lyle alinunua miwani mitatu na plasta za vidonda za kutosha kikosi cha askari.

"Umeumia wapi?" Orville alimwuliza.

"Bado," alisema Lyle. "Ila nikiumia, nitaumia kwa raha."

Ndiyo hekima yenyewe. Meno yanamuuma mtu Januari, anaogopa kuugusa mfuko. Desemba ana pesa, meno hayaumi, ananunua mafuta ya jua kwenye theluji na kurudi nyumbani akijiona mjanja. Huko ghorofani wanaiita kupanga maisha.

Mfuko wa ulezi wenyewe haukununua hata plasta. Mwisho wa kutuma madai yake ya mwaka uliokwisha ulikuwa tarehe thelathini na moja Machi, saa kumi na moja jioni. Mnamo wiki ya mwisho ya Machi, theluji ikianza kuwa tope, Nadine aliteleza kwa mara ya tatu. Safari hii aligonga kiwiko kwenye ukingo wa hodhi, kikavimba kama kiazi. Hakulia. Alimtazama mumewe na kusema neno lake lile la "wapi", na Orville hakujua anauliza wapi nini.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, Orville akapiga simu kwa wale wenye kushika mifuko. Simu yake ilikuwa muhimu sana kwao, walimwambia hivyo mara kumi na moja huku kinanda kikipigwa. Hatimaye akaja mwanamke mwenye sauti nzuri.

"Bwana Hruska, mbona jambo hili lina njia? Mlezi akikataa kutoa namba, unajaza fomu ya ziada. Unaandika jina lake kamili, anwani yake, na kwamba umemwomba namba akakataa. Hapo wewe umetimiza wajibu wako. Sisi tunakulipa."

"Mnanilipa zote?"

"Elfu tatu na mia tisa. Ikifika kabla ya saa kumi na moja ya tarehe thelathini na moja."

"Na hiyo fomu inakwenda wapi?"

"Taarifa zilezile utaziambatisha kwenye kodi yako ya serikali."

"Jina na anwani. Na kwamba amekataa."

"Ndiyo, bwana. Kwa hiyo wewe unakuwa salama."

Orville alishukuru. Nilisema watu wa kule hushukuru upesi.

Fomu ile aliichukua ghorofani, akaibeba siku tatu kama mtu aliyebeba yai bovu. Jioni ya pili aliijaza. Twila Marie Sobczak. Mtaa wa kinu, nyumba za wazee, chumba namba sita. Nimemwomba. Amekataa. Mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wote aliowahi kuandika. Akajiambia kila alichoandika ni kweli, na kilikuwa kweli. Akajiambia serikali ina watu milioni mia tatu, itamwona wapi bibi mmoja wa karata. Akajiambia kiwiko. Hilo la mwisho ndilo lililomtoa nyumbani.

Tarehe thelathini na moja aliomba ruhusa ya saa moja, akaenda maktaba ya mji, palipokuwa na mashine ya faksi, dola moja kwa karatasi. Mkutubi alikuwa Jonell Burdick, mwanamke mrefu mwenye miwani ya kamba, aliyeimba sauti ya pili katika kwaya moja na Twila.

"Ya wapi hii, Orville?"

"Ya mifuko ya kazini."

"Mungu akusaidie." Akachukua karatasi, akaipanga kwenye mashine uso ukiwa juu, kwani mashine ile ilitaka hivyo. Jina la Twila likawa linawatazama wote wawili. Jonell akalisoma. Si kwa umbea. Jina la rafiki yako husomi, linajisoma. Akasoma na mistari ya chini yake. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe.

"Nibonyeze?"

Saa ya ukutani ilisema kumi na nusu. Orville aliwaza kiwiko kilichovimba. Halafu aliwaza meza ya jikoni, na kijiko kikigonga, na Nadine akicheka kwa upande mmoja wa mdomo huku karata ya mfalme ikichungulia kwenye mkono wa sweta la Twila. Aliwaza zile siku mbili za uji. Aliona kwamba shawa ile, hata ikijengwa kwa marumaru, ingekuwa na jina la mtu kwenye kila kigae.

"Nibonyeze, Orville, au?"

"Irudishe."

"Muda bado upo."

"Najua. Irudishe tu."

Jonell akamrudishia. Orville akaweka dola moja mezani.

"Sikubonyeza," alisema Jonell. "Hudaiwi."

"Chukua. Angalau pesa moja mwaka huu niilipe nikione nilichonunua."

Nje aliikunja fomu mara nne, akaichana, vipande akavitia mfukoni, kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa taka barabarani. Saa kumi na moja ikapita akiwa kwenye taa nyekundu. Hakuna kilicholia, hakuna aliyeanguka. Dola elfu tatu na mia tisa zilihama nyumba kimya kimya, kama Lyle alivyosema.

Hakumwambia mtu. Lakini Alhamisi jioni kwaya ilikuwa na mazoezi.

Jumapili, saa moja asubuhi, Orville akiwa ameinama juu ya hodhi anapima maji kwa kiwiko, mlango wa jikoni ulifunguliwa bila kubishwa. Twila akaingia na viatu vyake vizito. Ilikuwa siku yake ya mapumziko na hakuwa amewahi kuja siku hiyo. Akavua koti, akakunja mikono ya blauzi, akatokeza mikono iliyonyanyua masufuria ya watoto mia nne kwa miaka ishirini na sita.

"Sogea," alisema.

"Twila, leo Jumapili."

"Kalenda ninayo. Wewe shika miguu, mimi nashika kwapa. Na usivute kama unatoa gari kwenye tope, huyu ni mkeo."

Wakamwinua. Nadine akapita juu ya ukingo kama kikombe kinachowekwa kabatini. Hakuna aliyeteleza. Twila alimsugua mgongo, akamwosha nywele, akimwambia kuwa mumewe ana akili za kuazima na ameshazirudisha. Nadine akacheka mpaka maji yakaruka.

Orville akaenda jikoni, akatoa bahasha, akaiweka chini ya kopo la sukari. Twila alipotoka akainua kopo, akaiona, akalishusha kopo juu yake.

"Jumapili sinywi kahawa," alisema.

Akarudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Mambo ya maktaba hayakutajwa na yeyote, wala shawa. Hodhi likabaki palepale, limeshiba kutu, likichukiwa na watu watatu kwa pamoja.

Septemba kampuni ilituma barua. Ilikuwa barua ya furaha, yenye picha ya familia inayocheka ufukweni. Ilieleza kwamba fedha zilizosalia katika mifuko ya wafanyakazi kwa mwaka uliopita zimetumika, kwa mujibu wa kanuni, kugharimia uendeshaji wa mpango wenyewe: uchambuzi wa madai, huduma ya simu, na mikutano ya kuelimisha wafanyakazi pamoja na viburudisho vyake. Orville aliisoma mara mbili. Kwa hiyo yeye ndiye aliyemlipa mtu wa kusikitika kwenye barua. Yeye ndiye aliyenunua kinanda kile cha kwenye simu. Aliikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati. Hiyo hakuichana.

Novemba, ukumbi wa kulia. Brent Tolliver amepanga maboksi saba. Wafanyakazi wanatafuna.

"Kabla hatujaanza," akasema Brent, "kuna mwanafamilia yeyote mwenye ushuhuda, jinsi mifuko yetu ilivyomsaidia?"

Kwa kawaida hapo hukohoa mtu mmoja, mambo yakaendelea. Safari hii Orville alisimama, polepole, kwa ajili ya mgongo.

"Ninao."

"Karibu, Orwell!"

"Orville. Nataka kusema kwamba donati hizi ni zangu."

Brent akacheka. Orville akatoa barua, akavaa miwani, akasoma ule mstari wa viburudisho, taratibu, kama somo la kanisani, pamoja na koma zake.

"Mimi niliacha humo elfu tatu na mia tisa," alisema. "Mlinikatalia kwa sababu ya namba. Sasa nimeona zilipokwenda. Karibuni, jamani. Kuleni."

Lyle akatazama mkononi mwake.

"Samahani, mzee. Nimekula mbili bila kuomba."

"Wewe halali, Lyle. Wewe hukuniomba risiti."

Hapo watu wakaangua kicheko. Hata wale wa ofisi ya mahesabu waliokuwa ukutani wakaficha nyuso kwa vikombe. Orville akaenda mezani, akachukua maboksi mawili ambayo hayajafunguliwa, akayaweka kwapani.

"Orville, hayo ni ya zamu ya mchana," Brent alisema, na kwa mara ya kwanza meno yake hayakuonekana.

"Zamu ya mchana walete madai. Jina, anwani, na namba ya tarakimu tisa." Akavaa kofia. "Nami nitasikitika."

Akatoka nayo. Alitiwa alama nyekundu ya tatu kwa kuondoka mapema, hilo alilijua.

Nyumbani aliwakuta mezani, Nadine na karata zake tano, Twila na zake saba. Akafungua boksi katikati yao. Nadine akachagua ya krimu, akaing'ata, krimu ikamshuka kidevuni, akaiacha ishuke. Twila akachukua ya chokoleti, akaigeuza huku na huku kama alivyokuwa akikagua mikate ya shule.

"Umezipata kwa kiasi gani hizi?"

"Elfu tatu na mia tisa."

Twila akang'ata, akatafuna muda mrefu, akitazama dirishani.

"Zimekauka," alisema, akachukua nyingine.